Chombo cha Jioni

Juni 3

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata Bibi, ambaye tunalala chumba kimoja na ananijua mpaka ndoto zangu: napenda moshi. Sisemi kuunusa. Nasema kuutazama kutoka juu. Leo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, na kwenye kioo cha kompyuta niliuona ukitoka katika msitu unaoungua upande wa kaskazini, ukavuka mito na barabara kama maziwa yaliyomiminwa kwenye chai, taratibu, bila kelele. Nikawaza kwamba sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Kisha nikakumbuka kwamba chini yake kuna watu wanakohoa, nikaona haya. Lakini nilikuwa nimeshapenda.

Bibi ana pumu. Ndiyo maana siwezi kusema.

Kazi ni ya msimu mmoja, mpaka mvua zirudi. Bosi, mama mrefu asiyevua miwani hata akisinzia, alinichukua kwa sababu mwalimu wangu wa jiografia alimwambia nina jicho na sina mdomo. Sijui kama hiyo ni sifa.

Juni 5

Setilaiti hupita juu yetu mara mbili mchana: saa nne na nusu hivi, na tena saa saba na nusu. Kila ikipita inatuachia picha. Sisi tunauzungushia moshi mstari kwa kipanya, kisha tunaufuata kinyumenyume mpaka kwenye shina lake, tujue nani kawasha. Ramani inapelekwa redioni na kwa wenye mashamba. Mwenye shamba ambaye moshi wake umeingia mjini anasimamishwa kuchoma kwa siku kadhaa.

"Wingu lina kingo, moshi una mkia," Bosi alinifundisha. "Usipouona mkia, usiuguse."

Mwenzangu wa meza ya pili ni kaka mmoja mnene anayeitwa Mawingu, kwa sababu kila akionyeshwa kitu husema, "Hilo wingu," akaendelea kula karanga. Inasemekana mwaka jana msitu mzima uliungua, yeye akaandika "mawingu mepesi." Nimeshangaa bado analipwa.

Juni 11

Picha za kawaida. Kiatu kimeachia.

Juni 19

Leo nimemchora shemeji.

Nieleze. Tunaishi na dada yangu na mumewe katika nyumba ya kampuni ya miwa, bondeni. Shemeji ni mnyapara wa wachomaji. Miwa huchomwa kabla ya kukatwa, majani makavu na nyoka viondoke. Kazi ikiisha, nyumba nayo inaisha. Ndivyo mkataba unavyosema. Leo kwenye picha ya mchana nilikuta moshi umeingia mjini, nikaufuata mkia kitalu kwa kitalu, shina likawa kwenye vitalu vya shemeji. Ningeweza kusema ni wingu. Nikauchora.

Jioni alirudi mapema, akanawa mikono kwa hasira kama anayefua.

"Wametusimamisha. Vijana wangu wamekaa kivulini wanacheza karata, na posho ya msimu ndiyo hiyo inayeyuka." Akanigeukia. "Hicho chombo chenu, shem, kinatutazama kutwa nzima?"

Kwa kawaida ningesema sijui. Mezani kwetu mimi ni kama chumvi, hukumbukwa ikikosekana. Lakini hili nilikuwa nalijua.

"Hapana. Kinapita mara mbili. Mara ya mwisho saa saba na nusu. Kikishapita, mpaka kesho."

"Na usiku?"

"Usiku wa manane kinapita kingine kinachotafuta joto. Lakini moto wa miwa saa hizo umeshazima zamani. Kipo na kile cha mbali kinachotazama saa zote, ila macho yake mabovu. Kitalu kimoja hakioni."

Shemeji aliacha kutafuna. Dada aliacha kupakua. Watu wote mezani walikuwa wananitazama mimi, na sikuona haya.

"Kwa hiyo kuanzia saa nane mchana hakuna macho."

"Hakuna."

"Mtoto amesoma huyu," shemeji alisema. Dada akaniongezea mboga bila kuombwa.

"Leo redio imewaka," Bibi alisema. "Msiizime, huenda tukasikia na taarifa ya habari."

Nimecheka mpaka machozi. Nalala na furaha.

Juni 27

Bondeni hakuna moshi. Picha safi.

Juni 28

Safi.

Julai 2

Safi tena. Mawingu amesinzia na kipanya mkononi.

Julai 6

Dada amefua mashuka mara mbili. Masizi marefu meusi, kama nyuzi, yameanguka juu ya kamba wakati wa magharibi. Ameenda kugombana na jirani anayechoma takataka. Jirani ameapa kwamba hajawasha hata kiberiti.

Bibi amekohoa sana. Nimemwambia asikae karibu na jiko. Amesema, "Mke mwenzangu, jiko hili nimekaa nalo kabla mama yako hajazaliwa. Halijawahi kunikaba. Tafuta mwingine wa kumsingizia."

Julai 14

Wakubwa wamempigia Bosi simu kumpongeza. Bonde halijawahi kuwa safi hivi katikati ya msimu. Bosi akatununulia soda, akasema kampuni imejirekebisha. Nilijivuna kimoyomoyo. Nadhani shemeji amesikia aibu, ameanza kuangalia upepo kabla ya kuwasha.

Naongeza mstari huu baadaye: nilidhani hivyo kweli. Nataka ibaki imeandikwa kwamba nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Julai 20

Leo hakukuwa na la kuchora, nikaanza kutazama ardhi yenyewe badala ya hewa. Nikafungua picha ya jana na ya leo, nikaziweka pamoja. Kwenye picha ya jana mchana kulikuwa na kitalu cha kijani. Leo asubuhi kitalu kile kile ni cheusi, kimekatwa pembe nne kama kiraka. Nikarudi nyuma siku moja. Kiraka kingine. Nikarudi nyuma tena. Bonde zima limejaa viraka vyeusi, na hakuna hata kimoja chenye moshi. Kila kimoja kilikuwa kijani kwenye picha ya saa saba na nusu, na kesho yake saa nne na nusu kilikuwa cheusi.

Miwa inaungua bila moshi. Nilikaa nikiitazama sentensi hiyo kichwani kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

Halafu nikakumbuka mboga niliyoongezewa.

Mawingu akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni njaa. Akanipa karanga zake, nikazishika tu mpaka zikalowa jasho.

Julai 21

Nilikaa uani kuanzia alasiri. Alasiri hawawashi, upepo ni mkali na moto unaweza kuruka barabara. Wanangoja jua lishuke na upepo ufe. Mara nikasikia ule mlio wa miwa inayopasuka, kama mvua ya mawe juu ya bati. Moshi ulipanda kidogo, ukasita, ukainama kama mtu anayetafuta alichoangusha, kisha ukalala. Mchana hewa ya moto huubeba juu, ukapita zake. Jioni hewa inapoa na kukaa bondeni kama kifuniko juu ya sufuria. Ndani ya sufuria ni sisi.

Nyumbani walikuwa wamefunga madirisha. Bibi alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini, mabega juu, akivuta pumzi kwa mluzi. Aliponiona alitaka kunitania, akakosa hewa ya kutania. Akaishia kuninyooshea kidole tu.

Julai 24

Imenichukua siku tatu kupata ujasiri wa kumwambia Bosi. Nilimpelekea picha mbili mbili, kijani na nyeusi. Hakuketi. Alizitazama akiwa amesimama, akarudisha miwani juu ya pua.

"Umefanya kazi nzuri," alisema. "Sasa zifute."

"Bosi, wanachoma jioni."

"Miwa lazima iungue saa fulani, binti. Sisi ni ofisi ya moshi. Ardhi nyeusi ni ya ofisi nyingine."

"Ofisi ipi?"

Akafikiri. Nadhani alifikiri kwa dhati, kwa sababu alichukua muda. "Sidhani kama ipo," alisema.

Akaniwekea mkono begani, akaniambia kwamba kwa mara ya kwanza wakubwa wanafikiria kutuongezea kompyuta. Mkono wake ulikuwa mwepesi na wa huruma. Afadhali angenifokea.

Julai 26

Nikamjaribu shemeji. Alikuwa anasafisha buti zake mlangoni.

"Shemeji, moshi wa jioni unamuumiza Bibi."

Hakuinua kichwa. "Unadhani sisikii akikohoa? Ukuta wetu mmoja."

"Basi mchome mchana."

"Mchana mnatuona nyie." Akapiga kiatu sakafuni, udongo ukadondoka. "Meneja alipenda sana nilipomweleza zile saa. Alinipa mkono, mbele ya vijana. Nisipochoma mimi jioni, atachoma mwingine, na nyumba hii atalala yeye. Bibi yako tutampeleka wapi, tumlaze barabarani, apate hewa?"

Akasema kwa sauti ya chini, "Ulinisaidia, shem. Usianze kunitoza sasa."

Agosti 2

Bibi amepelekwa zahanati kwa toroli la jirani, yule yule ambaye dada alimsingizia. Wamempumulisha mvuke kwa mashine, sisi tukihesabu pumzi zake. Nesi akatuita pembeni, akasema tukimrudisha kwenye moshi ule, tujiandae. Hakusema tujiandae kwa nini.

Agosti 5

Dada na shemeji wameamua Bibi aende kwa mdogo wake, kule juu milimani. Nyumba ya babu mdogo imejaa wajukuu, na mkewe hajawahi kumpenda Bibi. Huko atalala sebuleni. Lakini kuna hewa.

Bibi alikaa juu ya kitanda huku dada akifunga nguo zake.

"Mnanihamisha kama kabati."

"Ni kwa ajili ya kifua chako, Bibi," dada alisema.

"Kifua changu ni kile kile. Walioongezeka ni nyie." Akanigeukia. "Na wewe, mke mwenzangu, unasemaje? Nawe umechoka na mluzi wangu?"

Nilitaka kumwambia kila kitu. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na begi mkononi, anasubiri. Kama ningesema moshi ni wa nani, ningesema pia nani alimtajia zile saa.

"Nenda tu, Bibi," nikasema.

Alinitazama. Kisha akaanza kutafuta viatu vyake, na hakunitania tena.

Agosti 6

Nina chumba changu mwenyewe.

Agosti 9

Safi.

Agosti 15

Picha safi. Jirani wa pili anambeba mtoto wake mgongoni jioni nzima, anatembea naye huku na huku, eti akilazwa anashindwa kupumua. Wanatembea uani ndani ya moshi. Hawana pengine pa kutembea.

Nimeanza kuuchukia uso wa Bosi akinywa chai. Nimeanza kumchukia dada kwa kufunga madirisha taratibu bila kuuliza kitu. Mwenyewe najichukia kwa namna tofauti, ya kudumu, kama mtu anavyoujua urefu wake.

Agosti 18

Nimesema uongo. Nilifanya mazoezi njia nzima kutoka kazini, midomo ikicheza, mpaka muuza magazeti akaniuliza kama nasali.

Nilingoja shemeji aanze kula.

"Kazini kumekuja kitu kipya," nikasema.

Wakageuka. Tangu siku ile mwezi wa sita, nikifungua mdomo wanageuka.

"Chombo kingine. Kinapita jioni, jua likizama tu. Hiki hakihitaji mwanga, kinafuata joto. Kinaona kitalu kimoja kimoja. Hata aliyesimama na mwenge kinamwona."

"Tangu lini?"

"Wiki hii."

"Mbona hawajatangaza?"

Hili nilikuwa nimelijibu mara nyingi njiani. "Hawatatangaza. Wanataka kuwanasa kwanza, wapige picha za kutosha, halafu waende kwa wakubwa na ushahidi. Bosi alituapisha. Nisingekwambia, lakini jina la kwanza litakaloandikwa si la meneja. Ni la mnyapara."

Nilishangaa sauti yangu ilivyokuwa imetulia. Shemeji aliisukuma sahani. Alinitazama usoni akitafuta uongo, na hakuuona, kwa sababu hajawahi kunisikia nikisema uongo. Ukweli ni kwamba hajanisikia nikisema mengi.

"Shem," alisema, "wewe ni ndugu."

Nikabeba sahani yake, nikaenda kuiosha nyuma ya nyumba.

Agosti 22

Siku mbaya kuliko zote msimu huu, nayo haikuzidi dakika chache.

Bosi alikuwa ametoka. Simu ikalia. Mawingu akapokea, mdomo umejaa karanga. Nikasikia sauti kubwa ya mwanamume ikitoka kwenye chombo cha simu, anajitambulisha: meneja wa kampuni ya miwa. Anataka kujua habari za setilaiti ya jioni.

Mawingu akasema, "Ya nini?"

Nilisimama. Kiti changu kikaanguka. Sikusema lolote, lakini nadhani uso wangu ulikuwa umekwisha andika kila kitu. Mawingu alinitazama mimi, akaitazama picha iliyokuwa kwenye kioo changu, viraka vyeusi vyote ambavyo sikuvifuta. Akameza.

"Mzee," aliiambia simu, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine, ya mtu wa serikali, "nani amekupa habari hizo?" Akasikiliza. "Hapana. Sina ruhusa ya kuzungumzia hilo. Wala wewe sikushauri ulizungumzie kwenye simu. Siku njema."

Akaweka simu chini. Akaokota kiti changu, akakisimamisha. Nikangoja aniulize.

"Mbona unanitazama?" alisema akirudi kwenye karanga zake. "Hilo wingu tu."

Miezi miwili na nusu nimekaa karibu na mtu huyu nikimwona mzembe. Labda ni mzembe. Sasa nawaza kuhusu ule msitu wa mwaka jana, nani aliuwasha, na Mawingu alikuwa anamficha nani. Sitamuuliza.

Agosti 26

Moshi! Kwenye picha ya saa nne na nusu, vitalu viwili, mikia miwili, inapanda na kuvuka mlima. Nimeuchora polepole, kila pindo. Jioni bondeni hewa tupu. Jirani amemlaza mtoto.

Septemba 4

Wamesimamishwa siku tano.

Septemba 13

Wamesimamishwa tena. Posho ya msimu imekwenda na maji. Dada alikuwa ameihesabia cherehani. Sasa anashona kwa mkono na hasemi. Shemeji amenunua viatu kwa pesa aliyobaki nayo, si vyake, vyangu. "Ungeninyamazia ningekuwa jela," alisema. Vinanitosha kabisa. Kila hatua vinanibana mahali ambapo havigusi.

Septemba 20

Bosi hafurahi. Kompyuta mpya hazitakuja. Ameniambia mkataba wangu hautaongezwa, kwa sababu hesabu za mwisho wa msimu zimekuwa mbaya. Akasema pia kwamba nachora vizuri sana. Alisema yote mawili kwa pumzi moja.

Oktoba 7

Mvua ya kwanza. Picha nyeupe tupu. "Haya sasa," Mawingu alisema, "haya ndiyo mawingu." Akanipa pakiti ya karanga isiyofunguliwa. Nimeaga.

Oktoba 12

Nimetoka milimani. Nilikwenda kumrudisha Bibi.

Nilimkuta sebuleni kwa babu mdogo, godoro lake limeviringishwa nyuma ya kochi ili watu wapite. Amepungua, lakini anapumua kama mtu. Hana mluzi. Nilikaa chini karibu na miguu yake.

"Bibi, moshi umekwisha kule. Rudi nyumbani."

"Umekwisha lini?"

"Tangu mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane ndio mlionitoa." Akacheka kicheko kikavu. "Nimetoka mimi, moshi ukatoka. Kumbe moshi nilikuwa mimi."

"Bibi, sivyo."

"Basi ni vipi? Sema. Wewe ndiye msomi."

Kwenye mlango wa nyuma mtoto wa babu mdogo alikuwa anapaka grisi mnyororo wa baiskeli. Yeye ni dereva wa trekta wa kampuni ile ile. Kila Jumatatu hushuka bondeni. Alikuwa ameacha kupaka, anasikiliza. Neno moja tu lingefika kwa meneja kabla ya jioni ya Jumatatu, na msimu ujao upo, na ule wa baadaye.

Nikanyamaza.

"Hivyo hivyo," Bibi alisema. "Kitanda ulikitaka, umekipata. Kilalie vizuri. Mimi nafia hapa, nyuma ya kochi, kwa watu ambao angalau hawajifanyi kunipenda." Akaendelea. Alinisema mimi, akamsema dada, akamsema shemeji na ukoo wake, akarudi kwangu, akanisema upya tangu nilipokuwa mchanga, bila kusita, bila kukohoa hata mara moja, mpaka chai ikapoa.

Nilisikiliza yote. Nilikuwa nahesabu pumzi zake kama tulivyokuwa tukifanya zahanati, na zilikuwa nzima.

Kwa hiyo nakuomba, wewe ambaye daftari hili limekufikia. Ukisikia watu wa miwa wanauliza, waambie chombo cha jioni kipo. Kinapita jua likizama, hakihitaji mwanga, kinaona mpaka aliyeshika mwenge. Na ukikutana na ajuza mmoja kule juu anayemlaani mjukuu wake, usimweleze kitu. Mwache anilaani. Anazo pumzi za kutosha.